Kahawa Inapoa

London,
Jumatano, mwezi wa Agosti

Kwako Dada Hanadi,

Nakuletea salamu za amani, na za joto pia, maana huku joto ni kitu cha kutafuta hata kiangazi. Natumai hujambo, Bibi hajambo na magoti yake, na Ami na watu wake wote ni wazima. Sisi kiafya hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa mdogo wetu Qais aliyekula aiskrimu mpaka tumbo likamsokota. Mtihani wako wa mwisho ulikwendaje? Mama anakuombea kila baada ya swala. Anakutaja kwa jina lako na la ukoo, halafu anataja na somo lenyewe, asije Mungu akachanganya.

Kabla sijaendelea, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Tangu Ijumaa sihisi kitu. Si huzuni wala si furaha. Jumapili walinipa vitunguu nikate, na jikoni kila mtu akawa anapangusa macho kwa kona ya mtandio, ila mimi nilikata mpaka cha mwisho na macho yangu makavu kama ya samaki wa kuchorwa. Mama Labib akasema, "Jamani, huyu ana macho ya mpishi wa harusi!" Nikacheka kwa sababu wengine walicheka. Nakuomba barua hii uisome peke yako. Panda nayo juu ya dari, kwenye kamba za nguo, na usishuke mpaka uimalize.

Tumepanga fleti mbili, kama mwaka jana. Moja yetu, nyingine ya akina Labib, na milango inatazamana. Mchana kutwa haifungwi, kwa hiyo hujui kijiko ni cha nani wala mtoto analala wapi. Baba na Baba Labib wameanza ugomvi wao wa kila mwaka wa nani alipe mkahawani. Mara ya mwisho walishikana makoti mlangoni, kila mmoja akiapa kwa talaka ya mkewe kwamba atalipa yeye, mpaka mhudumu akaniuliza kwa sauti ya chini kama aite polisi. Nikamwambia hapana, hawa wanapendana.

Uwanja wa ndege Mama alizuiwa kwa ajili ya jamidi. Yule afisa alitoa yale madonge ya mtindi mkavu, akayagonga mezani, yakalia ko, ko, ko. Akaniuliza haya mawe ni ya nini. Nikamwambia ni maziwa. Aliyatazama, akanitazama mimi, akayagonga tena. Mama akaniambia mwambie hayaliwi hivyo, mwambie yanalowekwa, mwambie kama ana wasiwasi aje nyumbani Ijumaa ale wali na nyama ya mansafu na mkewe. Hilo la mwisho sikulitafsiri. Labib akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku, na kuanzia hapo jina langu likawa Bi Mkalimani. "Bi Mkalimani, hebu muulize yule bata ananitazamia nini." Anaogopa bata, Dada. Mwanamume mzima, kiwanda cha marumaru cha baba yake kiko chini yake, bata akimjia anapanda juu ya benchi.

Nakwambia haya ujue kwamba si mtu mbaya. Anambebea Mama mikoba. Qais akichoka anambeba mabegani. Ananisubiri nimalize sentensi zangu, na unajua ni wachache wanaosubiri.

Nami huku nazungumza, hutaamini. Dukani nazungumza mimi, kwa daktari wa meno wa Baba Labib nimezungumza mimi, kwenye basi nauliza mimi. Kiingereza kinanitoka kama maji ya bomba. Nimeshafikiri kwa nini, na naona ni kwa sababu maneno yale huwa si yangu. Ni ya Mama, ni ya Baba, mimi nayapitisha tu kutoka upande huu hadi upande ule. Nikirudi ndani, kwa lugha yetu wenyewe, nikiulizwa mimi nataka nini, nasema chochote mtakachopenda. Masista wa shule walinipa lugha mbili, na mimi mwenyewe sina la kusema katika yoyote. Mama anajivuna kwa wageni kwamba Maysun siku hizi ndiye mdomo wa nyumba.

Sasa nifike Ijumaa.

Haji Fawaz yuko hapa. Ni mjomba wa Labib, yule mzee wa mji wa Salti anayepatanisha watu wakiuana. Amekuja kutibiwa goti, na Mama Labib akasema ni aibu ale chakula cha hospitali na sisi tupo. Tukapika kwetu. Jua la huku halizami upesi, tukala mapema kukiwa bado kweupe, wanaume sebuleni kwenye zulia, sisi mezani jikoni. Haji Fawaz alikula kwa mkono, akasifu jamidi, akasema nyama ya Waingereza haina hatia, haina ladha tu. Halafu Mama akaniambia nipeleke kahawa mimi, kwa kuwa ya kwangu ndiyo haiungui. Nilipika dele zima, nikatia iliki, nikaingia na sinia.

Nilimmiminia Haji kwanza. Akakipokea kikombe, akakitua kwenye meza fupi mbele yake.

Nilidhani ni moto. Nikammiminia Baba Labib, naye akakitua. Labib akakitua, na hakunitazama, masikio yake yalikuwa mekundu. Nikamfikia Baba, na Baba alikuwa ameshaacha kutabasamu. Huhitaji kuelezwa, Dada. Hata Qais, aliyekuwa amelala kifudifudi anachora magari, alinyanyua kichwa akavitazama vile vikombe. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mzee akija na haja kubwa anatua kikombe, na kahawa ile haionjwi mpaka mwenye nyumba aseme, "Kunyweni, mlichokijia mmekipata."

Haji Fawaz akamshukuru Mungu, akamswalia Mtume, akasema wamekuja kumwomba Hanadi kwa mwanawao Labib.

Niligeuka kuutazama mlango wa jikoni. Mama alikuwa na sahani mkononi na maji yanachuruzika. Nadhani hata yeye hakuwa anajua. Mama Labib alijua, kwa sababu alikuwa ameshajitia rangi ya mdomo.

Baba, Mungu ampe umri, alijibu vizuri. Alisema Labib ni kijana wake mwenyewe, na nyumba ni moja kwa miaka mingi, na lau binti angekuwa hapa angemwita sasa hivi amwulize mbele ya mjomba. Lakini binti yuko Amman na mitihani yake, na yeye hajawahi kumjibia hata anachotaka kula, seuze mume. Baba Labib akatikisa kichwa akasema, haki kabisa. Haji naye akasema ni haki, ila goti lake halitamngoja, Jumatatu wanampasua, na mtu haendi kwenye kisu akiwa na kikombe kilichokaa mezani. Alisema kwa utani. Watu wakacheka kidogo. Kikombe kikakaa palepale.

Ndipo Baba aliponigeukia mimi. Nilikuwa bado nimesimama na lile sinia. Akaniambia kwa upole, kama anavyosema na mimi siku zote, "Maysun mwanangu, wewe na dadako mnalala chumba kimoja. Yaliyomo moyoni mwake unayajua kuliko sisi. Kuna kizuizi?" Labib naye, kwa kutaka kunipunguzia, akasema taratibu, "Haya Bi Mkalimani, tutafsirie."

Dada, mimi nilikuwa na Yazan mdomoni. Nilikuwa na yote uliyoniambia juu ya dari tukianua mashuka. Kwamba mmeahidiana. Kwamba baba yake alifariki majira ya kuchipua na si adabu kuja kuposa na machozi hayajakauka, kwa hiyo wazee wake watakuja vuli ikiingia. Na ulikuwa umeniapisha kwa macho ya Mama nisiseme. Nilikuwa natazamwa na watu wazima wanne, na kwenye mlango wa jikoni kulikuwa na nyuso nyingine mbili. Nilitazama chini nikaviona vile vikombe, povu limeshakaa pembeni. Nikasema, "Kahawa inapoa, Haji."

Hayo tu. Halafu Haji Fawaz akapiga paja lake zima akasema, "Wallahi! Msichana huyu kasema kuliko wanaume wote humu ndani! Mdogo mtu kamjibia mkubwa!" Baba hakucheka. Alinitazama usoni, akawa anangoja. Nami nikainamisha macho, na kwetu msichana akiinamisha macho watu hawamuulizi mara ya pili. Baba akavuta pumzi. Akasema, "Basi kunyweni kahawa yenu." Haji akakigugumia kikombe kwa mkupuo mmoja, akataka kingine, wakainua mikono wakasoma Fatiha. Mimi pia niliinua mikono, sinia nimeliegemeza mguuni.

Mama Labib akapiga vigelegele, na Mama, baada ya kidogo, naye akapiga. Unavijua vigelegele vya Mama Labib. Haukupita muda kengele ya mlango ikalia, na kwa kuwa alikuwa Mwingereza wakaniita mimi. Alikuwa bawabu wa jengo, mzee wa watu, amekuja anahema. Aliuliza kama kuna mtu ameumia. Nikamwambia hakuna aliyeumia, ni habari njema, dada yangu amechumbiwa. Nilisema bila kukwama hata neno moja. Uso wake ukalainika, akanipa mkono, akachungulia sebuleni juu ya bega langu akitabasamu, akauliza bibi harusi ni yupi. Nikamwambia hayupo.

Nafikiri ni hapo ganzi iliponiingia. Nilifunga mlango, nikarudi kukusanya vikombe.

Baadaye kidogo Baba alinifuata jikoni. Mama alikuwa ameenda upande wa pili kukumbatiwa. Baba alichukua kitambaa akawa ananikaushia vikombe, na lini umemwona Baba akikausha kikombe? Akaniuliza kama nilikuwa na uhakika. Akasema yeye ameliachia neno lake kwa sababu yangu, kwa kuwa mimi sisemi ovyo, na mtu asiyesema ovyo akisema anasikilizwa. Akasema kama wewe hutaki, hata sasa, ukimtamkia hapana kwa mdomo wako, atakwenda mwenyewe kwa Haji akalirudishe neno, ingawa hajui baada ya hapo atamtazama vipi Baba Labib, ambaye amekula naye chumvi tangu chuoni. "Lakini wewe ndiye unayemjua," akaniambia. Akangoja tena. Nikaitikia kwa kichwa, kama anayesema ndiyo, uhakika ninao. Akanibusu kwenye paji la uso akaondoka, kitambaa amekisahau begani.

Ile simu iliyolia kwa Ami Jumatatu, ikanyamaza, ilikuwa mimi. Nilishuka nikaenda kwenye kibanda cha simu na kadi ya Mama. Aliyepokea ni Bibi. Akasema, "Naam? Nani? Sema basi, husemi?" Nikasikia ndege wako, yule kanari, analia nyuma yake. Nikakata.

Watu huku wamelifanya hadithi lile neno langu. Mama Labib ameshawasimulia wanawake wa kwetu wanaokutana bustanini, kila siku akiongeza chumvi. Anasema nilikonyeza jicho. Anasema nilikisogeza kikombe cha Haji kwa kidole. Wale wanawake wanatema maganda ya mbegu za alizeti wananicheka, "Mtazame huyu, kimya kimya na kumbe!" Mama peke yake hasimulii. Anasema, maskini, hakukusudia kitu, mtoto alishikwa na haya, ulimi ukamteleza. Na mimi nimemwacha aamini hivyo.

Ulimi haukuteleza, Dada.

Nilijua. Baba aliponiuliza niliona njia mbili, wazi kabisa. Ningeweza kusema, Baba, mwulize mwenyewe. Maneno hayo hayakuwa siri ya mtu, kiapo kisingevunjika. Nilikuwa nayo sentensi imeshapangwa. Lakini siku ile juu ya dari, pamoja na habari za Yazan, uliniambia na ya kazi aliyopata Kanada, kwamba mkishaoana mtahamia huko, na ukacheka ukasema utaniletea theluji kwenye chupa. Nikacheka na mimi. Tangu siku hiyo kila usiku nilikuwa nakitazama kitanda chako ukiwa umelala ndani yake, nakiona kimetandikwa. Na Labib, Dada, anakaa nyuma ya duka la mikate. Ningekuwa nakuja kwako kwa miguu. Ningekuja na ndara. Ndiyo niliyoyaona nikiwa nimeshika sinia, na ndiyo yaliyosema kwamba kahawa inapoa. Nilikuoza mtaa wa pili ili usivuke bahari.

Nimeandika hayo na bado sihisi kitu. Nayatazama kama yaliyoandikwa na mtu mwingine, mimi nimepewa niyatafsiri. Sikuombi unisamehe, maana sijui kama ningeweza kuupokea msamaha, mikono yangu ni kama imevaa glavu.

Ninachokuomba ni hiki. Ijumaa hii baada ya swala Baba atakupigia simu. Atakuwa amekaa na Baba Labib kando, na huko Ami atakuwa amekaa kando yako, na Bibi ameshajaza pumzi za vigelegele. Baba atakuuliza, kwa sababu ni Baba. Wewe usinyamaze. Nakujua, utataka kusubiri upate maneno mazuri, utafikiria goti la Haji, na miaka ya urafiki wao, na aibu ya Mama. Ukinyamaza watasema binti ana haya, amekubali, na itakuwa imekwisha. Sema hapana kabla hajamaliza swali. Kisha, akikuuliza mbona mdogo wako alisema vile, mwambie kwamba nilijua na nilimdanganya. Mwambie hata na lile la kuitikia kwa kichwa. Mimi sitakana. Nimejaribu kumwambia mwenyewe jana, na juzi, akiwa peke yake kwenye kiti cha dirishani. Nilifika mpaka mbele yake. Akaniuliza nataka nini, nikamwambia nataka gazeti akishamaliza.

Barua hii posta isingewahi. Labib anarudi kesho, likizo yake imekwisha, na amepita mlango kwa mlango kuuliza nani ana amana ya Amman. Kwangu aliuliza huku anatazama kapeti, kama kuna kitu cha kumpelekea dadangu. Nimemwambia kuna viatu. Nimekununulia kweli, vyeusi, vya kamba, na ndani ya cha kushoto nitatia karatasi hizi chini ya soli ya ndani. Nitamwagiza akuambie ujaribu kwanza cha kushoto. Atakuletea mwenyewe mpaka mlangoni. Mpokee vizuri, Dada. Mpe maji. Hana kosa, na hajui anachobeba.

Nisalimie Bibi, umbusu mikono yote miwili, umwambie jamidi yake imewashinda Waingereza. Nisalimie Ami na watoto, na yule kanari. Mama anakusalimu, Qais anakusalimu na anasema ameona farasi wa polisi akinya barabarani na polisi hakumkamata. Baba anakusalimu zaidi ya wote. Anasema kila siku kwamba nyumba bila Hanadi haina taa.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwamini,
Maysun

Dada, nimesahau kukuambia, ukishasema hapana usikae nyumbani kwa Ami, nenda kwa mama yake Yazan umwambie waje mapema, hata bila wazee wote, hata na mtu mmoja, kwa sababu Baba akirudi huko kabla posa ya Yazan haijafika, wazee watamrudia na

Mlango wa pili umefunguka. Labib anakuja kuchukua boksi, namsikia anapiga mluzi kwenye ujia. Cha kushoto, chini ya soli. Naificha.